Mwongozo wa Kumpa Mwanao Jina Lenye X Ukiwa Makanyagio

Mzazi mwenzangu wa Makanyagio, hongera kwa kupata mtoto. Uji wa uzazi umenywewa, wageni wamembeba mtoto kwa zamu na kuapa kwamba kachukua sura ya baba yake, na shangazi mtu kaondoka na khanga mbili ambazo hakuja nazo. Limebaki swali moja: anaitwa nani?

Kama jibu lako ni Juma, Neema au Shija, mwongozo huu haukuhusu. Nenda kapumzike. Huu ni wa yule mzazi anayetaka jina ambalo halijawahi kusikika kuanzia Kashaulili mpaka Misunkumilo, jina ambalo mtu akitajiwa atauliza "nani?" mara tatu, na mara ya tatu ataitikia "aah, sawa" huku hajasikia kitu.

Jina la mfano humu ndani ni Xavier. Nimelichagua kwa sababu linatimiza masharti yote: linaanza na herufi ambayo Kiswahili hakina, linaishia na herufi ambayo hakuna mwenye uhakika kama inatamkwa, na katikati lina irabu mbili zinazogombania kiti kimoja. Kama la kwako ni Khloe, Jaxon au Brooklynn, usijali. Badilisha jina tu. Hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: Yadharau majina yaliyopo

Mkoa wetu unajaa. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Katavi ina watu 564,604. Ile ya 2022 ikakuta wamezidi milioni 1.1. Wengine walikuja na treni ya Kaliua, wengine walikuja nyuma ya ng'ombe wao, wengine wamezaliwa hapahapa, lakini wote wana majina na mengi yanajirudia. Simama kwenye uwanja wowote wa shule ya msingi mjini Mpanda, ita "Baraka!" Watageuka nusu darasa, na mwalimu mmoja.

Wazee wetu walikuwa na namna zao. Wasukuma wakipata mapacha hawasumbuki: Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Waswahili wa pwani walitazama kalenda wakapata Hamisi, Jumanne, Ramadhani na Chausiku. Au walitazama hali ya nyumba wakapata Shida, Tabu na Sikudhani. Kambarage wa Butiama aliitwa hivyo kwa ajili ya mzimu wa mvua, maana siku aliyozaliwa ilinyesha. Ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 na baadaye, wana majina ambayo ni sentensi kamili: Hakizimana, Mungu ndiye aponyaye. Unamwita mtoto aje kula, kumbe umeshasali.

Majina yote haya yana kasoro moja isiyovumilika: kila mtu anajua maana yake. Mtu akikuuliza "kwa nini umemwita hivyo?" una jibu. Mzazi wa kisasa hataki jibu. Anataka kushusha pumzi kidogo na kusema, "Nililipenda tu."

Hatua ya pili: Chagua kwa macho, masikio yakae pembeni

Jina adimu halisikilizwi, linatazamwa. Liandike kwenye karatasi, lipe herufi ambazo hazina kazi, kisha rudia kulitazama. Aliya ni jina la kawaida. Aaliyah ni jina lenye nyumba ya ghorofa. Brayani ni fundi baiskeli. Bryann atakuwa rubani.

Ila hakuna herufi inayoishinda X. Haimo katika alfabeti yetu, lakini hakuna Mtanzania asiyeifahamu. Tulikutana nayo kwanza kwenye daftari la darasa la pili, kwa wino mwekundu, mbele ya jibu tulilokosea. Tukakutana nayo tena sekondari, mwalimu wa hesabu akatuagiza tuitafute, na wapo waliomaliza kidato cha nne bila kuipata. Mara ya tatu tunakutana nayo ukutani, barabara inapotaka kupanuliwa: ukiamka ukaikuta X nyekundu kwenye nyumba yako, huulizi inatamkwaje, unaanza kung'oa mabati.

Hii ndiyo herufi unayomwekea mwanao mwanzoni mwa jina. Heshima tupu.

Hatua ya tatu: Usimuulize bibi wala babu

Hii ni hatua muhimu na wengi huiruka. Ukimuuliza bibi, atakuambia mtoto ana jina tayari, la mdogo wake aliyefariki, na kwamba ndiyo maana mtoto analia usiku. Ukimuuliza babu, atakuuliza na wewe: "Hilo ni jina au ni dawa?"

Mimi sikuwauliza. Ndiyo, mwandishi wa mwongozo huu amezipitia hatua zote kwa miguu yake. Nililipata jina usiku mmoja nikitazama filamu ya wale watu wenye vipawa vya ajabu wanaoongozwa na profesa mwenye kipara anayekaa kwenye kiti cha magurudumu. Profesa Xavier! Anasoma mawazo ya watu bila kufungua mdomo. Nikasema huyu ndiye mwanangu. Sikufikiria kwamba majirani wa Makanyagio hawasomi mawazo. Wao wanasoma kilichoandikwa.

Hatua ya nne: Liandikishe kila ofisi kwa namna yake

Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Siku hizi mambo yamerahisishwa: mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, ambao RITA waliuanzia Mbeya mwaka 2013, ulikisogeza cheti hadi vituo vya afya na ofisi za kata, na kinaandikwa kwa mkono ukiwa umesimama palepale. Neno la kushika hapa ni "mkono". Mkono unaandika ulichosikika ukisema.

Fuata utaratibu huu. Kwenye kadi ya kliniki, mwachie mama mkwe ataje jina, litaandikwa Zavia. Kwenye ubatizo, litaje wewe mwenyewe kwa lafudhi ya filamu, litaandikwa Zeivya. Kwenye cheti cha kuzaliwa, sema "kwa X" halafu ukae kimya. Litaandikwa Xsavia, kwa sababu umesema kwa X lakini hukusema X inachukua nafasi ya nani. Shule itaongeza la kwake. Miaka kumi na minane baadaye, kijana akienda kuomba kitambulisho cha taifa, ataambiwa kwa upole kwamba hawa ni watu wanne, wote wamezaliwa siku moja, na kila mmoja alete nyaraka zake. Hapo ndipo utaijua njia ya kwenda kula kiapo cha majina, na ada yake.

Usidhani wenye majina ya asili wamesalimika. Muulize mtu yeyote anayeitwa Ng'wandu habari za kile kialama kidogo kinachokaa baada ya g. Kwenye cheti kimoja kipo, kwenye kingine hakipo, kwenye kompyuta kimegeuka nafasi tupu na mtu amekuwa Ng wandu, majina mawili. Hata Ng'wanamalundi, yule mtu wa maajabu wa Usukuma ambaye habari zake zinasimuliwa hadi leo, hakuwaweza waandishi: wamemwandika Ng'wanamalundi, Ngwanamalundi na Mwanamalundi. Kama yeye alishindwa, wewe na kadi yako ya kliniki ni nani?

Hatua ya tano: Wafundishe watu kulitamka

Nenda nalo kliniki. Akina mama wako kwenye benchi refu, watoto wamevishwa zile kaptula za mizani, mmoja ananing'inia na kulia kama aliyesingiziwa wizi. Nesi anachukua kadi ya juu kwenye rundo. Anaitazama. Anaisogeza mbali na macho, kisha anairudisha karibu.

"Eksi..."

Kimya.

"Eksa... vi... Mtoto wa Eksi!"

Hakuna anayeitikia. Mama yake mtoto yupo palepale, safu ya mbele, ila anasubiri aitwe Zeivya. Nesi anaichomeka kadi chini kabisa ya rundo na kuita Neema. Wanasimama Neema wawili. Inapofika saa saba mchana benchi limebaki na mtu mmoja.

"Na wewe mama, unamsubiri nani?"

Usimlaumu nesi. Kiswahili ni lugha ya haki: ukisoma umeshatamka. Makanyagio ni Makanyagio, Nsemulwa ni Nsemulwa, hata kata yetu jirani inayoitwa Mpanda Hotel, mgeni akiisoma vizuri tatizo lake litakuwa moja tu, kutafuta mapokezi. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana Grace akifika hapa anapewa kiti na kuwa Gresi, Charles anakuwa Chalesi, na Xavier, apende asipende, anakuwa Za-VI-a. Hakuna aliyekosea. Jina limeingia kwenye nyumba yenye milango yake, likainama kidogo.

Ukisisitiza matamshi sahihi, jiandae kwa swali gumu: sahihi ya wapi? Mwingereza anasema Zeivya. Mfaransa anasema Gzavye. Mreno anasema Shavyer. Mhispania aliacha X zamani, anaandika Javier na kutamka Havyer. Wakatalani wana kiungo wao aliyechukua Kombe la Dunia na Hispania mwaka 2010 kule Afrika Kusini, jina lake kamili Xavier Hernández, kwao ni Chavi. Bodaboda wote wa kituo cha karibu na kwangu walimwita Zavi kwa miaka kumi na mitano na hakuacha kupiga pasi. Huku kwetu, ulimi uliolelewa na Kisukuma utaibadilisha r kuwa l na kupata Saveli. Chagua mmoja wa kumgombeza.

Kuna wazazi huko Uswidi waliolipeleka jambo hili mpaka mwisho wake. Mwaka 1996 walitozwa faini ya kronor 5,000 kwa kuchelewa kumsajili mtoto jina. Kwa hasira wakaleta hili: Brfxxccxxmnpcccclllmmnprxvclmnckssqlbb11116. Wakaeleza kwamba linatamkwa "Albin". Mahakama ikalikataa. Nawaheshimu wazazi wale. Wao walikuwa wakweli kuliko sisi: walikiri waziwazi kwamba kilichoandikwa na kinachotamkwa si ndugu.

Hatua ya sita: Kumbuka jina hilo ni la mama yake

Katika nchi za wenzetu, jina adimu anabebeshwa mtoto. Hapa kwetu, akiwa wa kwanza kuzaliwa, linabebeshwa mama. Jina alilopewa na wazazi wake linakwenda likizo siku anayojifungua, na kuanzia hapo mtaa mzima unamwita Mama Fulani. Kwa hiyo unapochagua jina la mtoto, unambadilisha jina mwenzio bila kumwuliza.

Mke wangu alikuwa na jina zuri la herufi tano. Akaamka Mama Zavia. Sokoni akawa Mama Sevia. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa katibu akamwandika Mama Zebia, na mgawo wa mwisho wa mwaka ulichelewa kwa sababu Mama Zebia hakujulikana ni nani.

Lakini aliyetumaliza ni Mangi wa dukani. Mangi ana daftari la madeni, kava ngumu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwisho wa mwezi akalifungua: M. Zavia, sabuni na chumvi. M. Sevia, mafuta robo. M. Sabia, mchele kilo mbili. Mke wangu akatambua deni la Zavia, akalipa. Sevia na Sabia akasema hawafahamu, na kwa mwandiko ule alikuwa anasema kweli. Mangi akakuna kichwa, akatazama mtaani, akaenda kumdai Mama Sabina wa nyumba ya tatu mchele ambao tuliula sisi. Ilichukua vikao viwili na balozi mmoja kumaliza. Mama Sabina alitoa kauli ambayo bado inanisumbua: "Mtoto ana miezi minne, lakini jina lake limeshaniingiza kwenye deni."

Hatua ya saba: Ulinde uadimu

Tuseme umevuka yote. Jina limekaa. Sasa unaanza msiba mwingine: watu wamelipenda. Jina adimu ni kama mgahawa mzuri. Siku utakayousifu kwa watu ndiyo siku utakayokosa kiti. Jirani wa nyuma atajifungua mwezi wa sita na kumwita wake Zavian. Binamu yako wa Inyonga atapiga simu kuuliza tahajia. Mwanao akifika darasa la kwanza watakuwa watatu, na mwalimu atawaita Zavia Mrefu, Zavia Mfupi na Zavia wa Kina Bodaboda.

Duniani ndivyo ilivyo. Kule lilikotoka kwenye filamu, Marekani, Xavier si jina adimu hata kidogo. Kwa miaka mingi limekuwa likizungukazunguka kwenye majina mia moja hivi ya wavulana yanayotumika zaidi. Na Novemba 2008, Obama aliposhinda urais, wodi za wazazi upande wa Kisumu zilijaa kina Barack na kina Michelle ndani ya siku moja. Jina lililosafiri dunia nzima likarudi nyumbani likiwa na mshahara. Ukilifungua ndani unamkuta nani? Baraka. Yule yule wa nusu darasa.

Hatua ya nane: Mpeleke mtoto kwa babu

Hatua hii sikuipanga. Mtoto alipofikisha miezi mitano nilimpeleka kijijini kwa baba yangu. Mzee anaitwa Saveri. Maisha yake yote ameitwa Mzee Saveri, nami nimeandika "Saveri" kama jina la baba kwenye kila fomu niliyowahi kujaza, na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi, kama mtu asivyojiuliza kuhusu mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Akamkalisha mjukuu pajani, akauliza anaitwa nani. Nikaivuta pumzi ya filamu: "Xavier."

"Nani?"

"Zavia, baba."

Mzee akanyamaza. Akaingia ndani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa, akarudi na cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu. Kimeandikwa: Fransisko Ksaveri. Mzee alizaliwa tarehe tatu Desemba, siku ya mtakatifu huyo, na padri wa zama zile hakuwa na muda wa kubuni, alifungua kalenda.

"Umenirithisha," mzee akasema, na machozi yakamlengalenga. "Nilijua ninyi watu wa mjini mmetusahau." Akaagiza jogoo akamatwe.

Ndipo nikaenda kulichunguza jina langu adimu. Mtakatifu Fransisko mwenyewe alizaliwa mwaka 1506 katika kasri la Xavier, huko Navarra, na jina la mahali pale ni la Kibaski: etxe berri, nyumba mpya. Alipokuwa njiani kwenda Goa alitia nanga Malindi mwaka 1542, kwa hiyo mwenye jina alishatembea pwani yetu miaka mingi kabla ya filamu yoyote. Kwetu huku magharibi, Mapadri Weupe waliipokea Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, wakaja na kapu la majina magumu kuliko la kwangu: Skolastika, Leokadia, Deogratias. Majirani wa zama zile hawakuyakataa. Waliyatafuna taratibu, wakayaongezea irabu, wakayatoa mifupa. Leo Skolastika ni bibi anayeuza dagaa, na hakuna anayemwambia jina lake ni la ajabu.

Nilitafuta jina ambalo halijawahi kusikika, nikamwita mwanangu jina la babu yake, ambayo ndiyo desturi ya zamani kuliko zote nilizokuwa nazikimbia. Bibi yake sasa hamwiti kingine ila "mume wangu", na akikataa kula anamwambia hata mwenzake alikuwa hivyohivyo. Na ile X niliyoipigania ofisi nne, ambayo ukutani maana yake nyumba inabomolewa, kumbe kwa wenyewe ni nyumba mpya.

Je, nilimwambia mzee ukweli kuhusu profesa mwenye kipara? Sikumwambia. Jogoo alikuwa ameshachinjwa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujaenda ofisi ya kata fanya jambo moja. Simama mlangoni jioni, saa ile watoto wote wako barabarani na vumbi limewafika magotini, uliite hilo jina mara tatu kwa sauti, kama mtu anayemwita mwanawe aje kuoga. Likitoka bila kukukaba, kaliandike, tena kaliandike kwa tahajia moja tu, ofisi zote. Likikukaba, pitia kwa babu na sukari kilo moja, umuulize jina lake la ubatizo. Huenda ndilo hilohilo.